Maji ya Kwenda Habaswein

"Katika mji mzima wa Garissa, hakuna anayeijua njia ya Wajir kama mimi," Nafiso Bare aliwaambia wateja wake wa chai. "Nifunge macho, unitupe juu ya lori. Nitakwambia tumefika wapi."

Mteja mmoja aliweka kikombe chini, akamtazama. Alimtazama mpaka Nafiso akaanza kucheka mwenyewe.

"Haya, nimepita mara moja tu," alisema. "Nilikuwa bi harusi. Nilifunikwa shuka kichwani, tena nililala. Lakini nililala katika njia hiyo hiyo!"

Ulikuwa mwaka wa 1966. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeenea kote Kaskazini Mashariki. Lori halikwenda peke yake. Malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Bila pasi ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, hupandi. Jua likizama, kila mtu ndani. Watu walilala lakini masikio yao hayakulala. Nafiso alisema hata mbuzi wa Garissa wamejifunza kulia kwa sauti ndogo.

Wiki ile Nafiso alikuwa na mgeni. Ni Rukiyo, binti wa kaka yake, aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Rukiyo alikuwa na mtoto aitwaye Nuh, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mume wake, Hirsi, alikuwa na duka Habaswein, katikati ya njia ya Garissa na Wajir. Hirsi hakuwahi kumwona mtoto wake. Barabara zilikuwa zimefungwa tangu Nuh azaliwe.

Sasa pasi zimepatikana, ya Rukiyo na ya Nafiso atakayemsindikiza. Msafara unaondoka Alhamisi. Wakiukosa, hakuna aliyejua mwingine utaondoka lini.

"Eddo, nifundishe," alisema Rukiyo. Eddo ndiyo shangazi kwa Kisomali. "Mimi huku ni mgeni. Sijui lolote."

Hakuna neno lililomfurahisha Nafiso kama hilo. Alikaa vizuri juu ya mkeka.

"Sikiliza basi. Pasi iweke kifuani, si ndani ya mzigo. Askari akiiomba, usianze kufungua magunia. Daraja la mto usilipige picha."

"Sina kamera, Eddo."

"Vizuri, basi umeshafuata sheria moja. Lori likisimama, usiingie porini, hata haja ikikubana. Kaa nyayo za magurudumu zilipo. Jua la huku si la Nairobi, mtoto mfunike kichwa. Ukipewa maziwa ya ngamia, usikatae, mwenyeji ataona umemtusi. Onja hata kidogo. Na maji ya Habaswein yana chumvi. Tumbo la mgeni litacheza ngoma, lakini litazoea."

"Na maji ya kunywa njiani?"

"Ah! Hayo niachie mimi."

Nafiso alikuwa na haan, chombo cha kusuka kilichokuwa cha mama yake. Kila asubuhi alitia makaa ya moto ndani yake, akakifunika, akakitikisa mpaka moshi ukashika pande zote. Ndivyo wanawake wa huku wanavyotunza vyombo vya maziwa. Nafiso alifanya hivyo hata kwa maji. Alichota maji ya mto Tana kutoka mtungi wake wa uani, akayatia ndani ya haan iliyofukizwa. Maji yalinukia vizuri sana.

"Moshi umeua kila kitu," alisema. "Mnyweshe mtoto."

Nuh alikunywa. Alikunywa tena siku ya pili. Siku ya tatu tumbo lake lilianza kuharisha. Alilia mchana kutwa, macho yakaingia ndani. Rukiyo alimbeba, akatembea naye ndani ya nyumba, mlangoni na ukutani, ukutani na mlangoni.

"Na Alhamisi inakuja," alisema. "Eddo, mtoto huyu atapandaje lori?"

Nafiso aliinuka upesi. Alikwenda kumwita jirani yake, Dahabo Kanchora. Dahabo alikuwa Mborana wa Wajir, muuguzi aliyesomea kazi yake. Alimpima mtoto, akampa dawa, akamwambia Rukiyo aendelee kumnyonyesha na kumpa uji mwepesi kidogo kidogo. Kisha akauliza, "Anakunywa maji gani?"

Nafiso alileta haan kwa fahari. Dahabo alinusa.

"Yananukia, Mama Nafiso."

"Si nimefukiza mwenyewe!"

"Nguo yako ikiingia tope, ukaifukiza udi, imefuliwa?"

Nafiso aliinusa haan tena.

"Haijafuliwa," alijibu Rukiyo kwa niaba yake.

"Basi ndivyo ilivyo," alisema Dahabo. "Moshi unasafisha chombo, na maziwa hayaharibiki upesi. Mama zetu hawakukosea. Lakini hawakuwa wanatia maji ya mto humo. Mto huu unanywewa na ng'ombe, unaogwa na watu, na mengine siyataji mbele ya chai. Maji yake yana vijidudu ambavyo jicho halioni. Havijali moshi. Vinaogopa moto tu."

"Kwa hiyo niyapashe moto?" aliuliza Rukiyo.

"Si kuyapasha. Yachemshe mpaka yatokote yenyewe kwa nguvu, uyaache yaendelee kutokota kidogo. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Tia kwenye galoni iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Usichovye mkono wala kikombe ndani, mimina tu. Na Habaswein pia uchemshe. Moto hauondoi chumvi, lakini unaua vijidudu."

"Na sisi tuliokunywa hivi tangu utoto?" Nafiso aliuliza. "Mbona tuko hai?"

"Nyinyi mliobaki mko hai," alisema Dahabo. "Wale wengine hawapo hapa kujibu."

Nafiso aliiweka haan chini. Alikuwa amezika watoto wawili wadogo, miaka mingi iliyopita. Hakupenda kulifikiria hilo, na siku hiyo alilifikiria sana.

Siku zilizofuata, Rukiyo alichemsha kila tone. Nuh alitulia. Macho yake yalirudi mahali pake. Jumatano alimvuta Nafiso shungi, akacheka. Dahabo alimwangalia tena, akasema anaweza kusafiri, lakini maji yake yawe yale yaliyochemshwa tu.

"Mtu mzima anaweza kuvumilia tumbo lake," alisema. "Mtoto akiharisha tena njiani, na msafara hausimami, utanitafuta wapi?"

Jioni ile Rukiyo alijaza galoni yake. Nafiso naye alitakiwa kuchemsha ya kwake, yawe akiba. Alizitazama kuni zake. Kuni zilikuwa shida siku hizo. Wanawake hawakuruhusiwa kwenda mbali porini, na aliyekwenda alikwenda akitetemeka. Kilichobaki ni kitita kimoja cha kupikia chai akirudi. Nafiso alitazama kuni, akatazama haan, akatazama kuni. Mwishowe akachota mtungini, akajaza haan, akafunika.

"Umechemsha, Eddo?" Rukiyo aliuliza kutoka ndani.

"Nimechemsha mpaka sufuria ikaomba msamaha."

Alhamisi walipanda lori la dereva aitwaye Elema, juu ya magunia ya sukari. Nafiso aliipakata haan. Msafara ulivuka mji, ukaingia kwenye vumbi. Hakuna aliyezungumza sana. Kila mtu alitazama vichaka. Ndege akiruka, vichwa vyote viligeuka pamoja.

"Hapa ni wapi, Eddo?" Rukiyo aliuliza.

"Hapa nilikuwa nimelala," alisema Nafiso.

Kabla ya kufika mji wa Modogashe, msafara ulisimama ghafla. Mbele, askari walikuwa wameona udongo uliochimbwachimbwa barabarani. Huenda ni bomu lililofukiwa, huenda ni mnyama tu. Sajini alipita kando ya malori.

"Mtu asitoke barabarani! Tutakaa mpaka njia ikaguliwe."

Jua lilipanda, likasimama juu ya vichwa vyao. Askari walitambaa mbele, wakichoma udongo kwa vyuma vyembamba. Kila walipochoma, Nafiso alifumba macho. Nuh alikunywa, akakunywa tena. Rukiyo aliinamisha galoni, yakatoka matone machache, kisha hewa.

"Yamekwisha," alisema. "Eddo, lete ya kwako."

Nafiso aliikumbatia haan.

"Haya ni ya udhu."

"Udhu? Si ulisema ni akiba ya mtoto?"

"Na sala je? Au tukifika vitani tunaacha sala?"

"Eddo, mtoto ana kiu!"

Nuh alinyoosha mikono kuelekea haan. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alianza kulia, na kilio chake kilikuwa chembamba, kama siku ile ya ugonjwa. Abiria wote walimgeukia Nafiso. Mzee mmoja alitikisa kichwa.

"Mama, mpe mjukuu wako maji. Mungu atakubali tayamamu. Mchanga huu wote si upo?"

Nafiso aliikaza haan kifuani. Akitoa maji, mtoto ataugua, na Habaswein bado ni mbali. Akisema kweli, ataitwa nani? Yeye, ajuaye njia! Nuh alilia tena. Nafiso alisimama.

"Haya," alisema. "Ninayatoa. Lakini tuyachemshe kwanza."

Rukiyo alikodoa macho. "Tuyachemshe? Si yamechemshwa?"

"Tena, nasema. Tuyachemshe tena. Mtoto mgeni hunyweshwa yaliyochemshwa mara mbili. Nairobi hawakuwafundisha?"

Rukiyo alimtazama shangazi yake, kisha akaitazama haan. Alimwita dereva.

Elema alikuwa na sufuria ndogo na kuni chache chini ya kiti. Alimwomba sajini ruhusa.

"Moto mdogo," alisema sajini. "Hapo hapo kando ya gurudumu. Nikiona moshi, nauzima kwa buti."

Kuni zilikuwa kavu, hazikutoa moshi. Nafiso alimimina maji mpaka sufuria ikajaa. Kiasi kikubwa kilibaki ndani ya haan. Alichuchumaa mbele ya moto, akasubiri. Hakuwahi kusubiri maji hivyo maishani. Mapovu madogo yalianza pembeni.

"Tayari?" aliuliza mzee.

"Bado," alisema Nafiso kwa ukali. "Hayo yamepata joto tu. Ngoja yatokote kwa nguvu."

Yalitokota. Akayaacha yaendelee kutokota, mikono ikiwa juu ya kichwa, mtoto akilia sikioni mwake. Kisha Rukiyo alifunika sufuria kwa kifuniko, akaiweka kwenye kivuli cha lori. Yalipopoa, aliyamimina moja kwa moja kwenye galoni yake.

"Si uyarudishe kwenye haan?" aliuliza Elema.

"Hapana," alisema Rukiyo. "Haya yana chombo chake."

Nuh alikunywa, akapumua, akalala begani mwa mama yake. Mbele, askari mmoja aliinua mkono. Hakukuwa na bomu. Nguchiro alikuwa amechimba shimo lake barabarani. Watu walicheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, wakapanda haraka, na msafara ukaondoka.

Walifika Habaswein salama. Njia nzima tumbo la Nuh lilikaa kimya. Hirsi alikuwa amesimama mbele ya duka lake tangu asubuhi, akiingia na kutoka. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Nuh alizitazama ndevu zake, akazikamata, akazivuta.

"Kweli huyu ni wetu," alisema Hirsi, na machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia Nafiso. "Eddo, nabad, amani kwako. Nimesikia mlikwama juani. Watoto wengi wanafika hapa wakiwa wagonjwa. Huyu amefikaje mzima hivi?"

"Augue vipi na mimi nipo?" alisema Nafiso. Alikwisha kukaa kwenye kivuli, na roho yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Siri ni maji. Vijidudu haviogopi moshi, vinaogopa moto. Maji yote niliyachemsha mimi mwenyewe. Mara ya kwanza Garissa, mara ya pili njiani."

Rukiyo aliitazama haan.

"Mashallah!" alisema Hirsi. "Na ndani ya haan yamebaki?"

"Kidogo tu. Hayafai, yamepigwa na jua."

"Ni ya Tana?"

"Ni ya Tana, lakini..."

"Eddo, mwaka mzima nakunywa chumvi! Nimeota maji ya Tana." Hirsi aliichukua haan kabla Nafiso hajainuka. Alimimina kwenye kikombe chake cheupe, akakiinua mpaka midomoni. Akasimama. Akakishusha, akakisogeza kwenye mwanga.

"Eddo, umesema haya yamechemshwa mara ngapi?"

"Mara mbili, wal..." Kiapo alikimeza. "Mara mbili."

Hirsi alimwinamishia kikombe aone. Ndani ya maji kiluwiluwi cha mbu kilikuwa kinacheza. Kilipanda juu, kikapinda mkia, kikashuka chini, kikapanda tena.

"Basi huyu ni shujaa," alisema Hirsi. "Amepona mara zote mbili."