Siku Nilimupeleka Katsuva Kuona Ziwa

— Madame, tukate kuume ao kushoto?

Gaspard wa moto, mwenye pikipiki ya kukodi, alisimama kwenye njia panda ya Bogoro, akaniuliza miye. Nani mwingine? Tangu Bunia kinywa changu hakikufungwa juu ya ziwa.

— Kuume, nikasema.

Mama mumoja mwenye kuuzisha ndizi akapiga kicheko.

— Kuume ni kwa Geti, binti yangu! Ziwa iko kushoto.

Katsuva, muchumba wangu, alikuwa nyuma yangu pale pale kwenye moto. Haya ilinikamata mpaka kwenye masikio.

Mujue hivi: Kinshasa walimuita kwa kazi, na alipaswa kujibu siku ile mbele ya saa sita ya muchana. Akienda, miye siwezi kumufuata, mama yangu ni mugonjwa hapa Bunia, mutaa wa Bigo. Basi ndoa imekufa. Yeye aliniambiaka: «Agathe, Bunia kuna nini? Vumbi na moto tu!» Nikamuapia, akiona Ziwa Albert atabaki. Miaka mbili, yeye akikaa mbali, kwa simu nilimuelezea ziwa: samaki za Tchomia, mitumbwi, milima ya Uganda ng'ambo. Mwalimu wa jiografia muzima, namna gani nisijue?

Moto ikapita kona ya mwisho, na inchi kavu ikaisha mbele yetu.

Eh Mungu! Chini kabisa, maji. Maji mpaka kule macho inashindwa, na kivuli cha wingu kikitembea juu yake polepole. Gaspard mwenyewe akazima moto bila kuambiwa.

— Ni kubwa hivi? nikasema, machozi ikishuka.

— Agathe...

— Miaka munane nachoraka ziwa hii kwenye tableau ya darasa, ndogo sawa njegere! Katsuva, unisamehe. Sijafika hapa hata siku moja. Kwanza vita, barabara ilifungwa. Ikafunguka, woga ikabaki. Nilikudanganya.

— Nilijua.

— Ulijua namna gani?

— Mutu anapenda ziwa hivi, na mu simu yake hakuna hata foto moja? Weye kila mara ulisema «siku ingine». Nani alikuja na Gaspard leo asubuhi?

Kweli, ni yeye alimuleta.

— Na Kinshasa? Saa sita inakaribia.

Akanipa simu yake. Messaji alimutumia bwana Eugène, ule wa kazi ya Kinshasa: «Asante sana, lakini siji. Naoa Bunia.»

Nikaangalia saa ilitumwa: 05:48. Siye tulikuwa hatujatoka hata nyumbani.

— Mujinga weye! Na kama ziwa haingekupendeza?

— Haikuwa kwa ajili yangu, Agathe. Nilikuleta weye uone.

Nikalia bila haya, Gaspard akijifanya anaangalia pneu ya gurudumu. Kisha Katsuva akapangusa uso wangu na mukono wa shati yake.

— Tushuke mpaka kwenye maji?

— Tushuke!

Miye nikawa wa kwanza kupanda moto. Tulishuka kona kwa kona, na kila kona maji ilizidi kukua.