Mteja Aliyeomba Aandikiwe

WARAKA WA NDANI KUHUSU UDHIBITI WA MTETEMO WA SIMU SAA ZA KAZI. Ndivyo Bosi Nicanor alivyouita, akaubandika mlangoni mwa duka lake la gesi huko Gatina, Kawangware, kwa kuwa simu ya ofisi ilikuwa imepata tabia mpya. Haikulia; ilitetemeka. Mara mbili, kisha kimya. Ukiitazama, hakuna aliyepiga. Waraka ulipiga marufuku jambo hilo na ukagongwa muhuri. Simu haikuusoma.

Walubengo, aliyeajiriwa kuwapigia wateja, alicheka pamoja na wenzake, ila kicheko chake hakikupita meno. Mtetemo ule aliujua.

Audrey, fundi wa nguo wa Laini Saba, Kibera, alikuwa kiziwi. Siku aliyokuja kuchukua mtungi wake alimwonyesha Walubengo sikio, akatikisa kichwa, kisha akachezesha kidole gumba hewani: niandikie. Akaiweka simu yake kifuani, akajigusa mara mbili: nitaisikia hapa. Walubengo akamwigiza mbele ya wateja. Wakacheka. Audrey naye akacheka, akidhani wameelewana.

Mwezi uleule mitungi ya shehena moja ikagunduliwa inavuja shingoni. Bosi akaagiza kila mteja aonywe asiwashe.

"Umewafikia wote?"

"Wote, bosi."

Audrey aliungua akichemsha chai. Bosi mwenyewe alikwenda matangani na kauli rasmi: marehemu alionywa, akapuuza. Mama mtu akainamisha kichwa. Laini Saba wakaongeza yao: kiziwi na ukaidi, chanda na pete.

"Walu," Immaculate wa kaunta alinong'ona mchana mmoja, "unaskia hiyo harufu?"

"Harufu gani?"

"Gesi. Na kitambaa kikiungua. Nimecheki mitungi yote, hakuna inavuja. Alafu... mbona kabambe yako inatetemeka na umetoa betri?"

Alitaka kujibu kwa mzaha, lakini ile kabambe, simu yake ndogo ya vitufe, ambayo betri yake ilikuwa mezani mbele ya macho yao, ilitetemeka tena mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo, mara mbili, na harufu ikapanda kutoka sakafuni kama maji ya mtaro siku ya mvua, ikamjaa puani, ikamjaa kooni, na ndani yake akasikia cherehani ikikimbia, polepole, kisha kasi, kisha kasi zaidi, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na cherehani, mpaka mgongo ukamtoka jasho kama mtu aliyeegemea jiko.

Bosi akamwita Mama Nereah, nabii wa kanzu nyeupe kutoka Soweto East. Alivua viatu mlangoni, akazunguka ofisi akiomba, akaweka kiganja juu ya simu ya ofisi na kukiondoa upesi.

"Huyu si wa kukemewa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mteja. Kuna neno lake hapa, hajapewa. Nani hushika simu?"

"Ni Walu," Immaculate akasema.

"Lakini Audrey alionywa," Bosi akadakia. "Si ulimpata?"

"Nilimpigia, bosi."

"Unaona? Alipigiwa."

Mama Nereah hakumtazama Bosi. "Mpe neno lake, mwanangu. Kwa njia aliyoiomba."

Bosi akauliza kama lingefaa kuandikwa kwenye karatasi yenye nembo.

Walubengo akarudisha betri kwenye kabambe yake. Akaandika: Audrey, usiwashe mtungi. Unavuja. Tunakuja kuuchukua. Akatuma kwa namba iliyoungua pamoja na mwenyewe. Simu ikaonyesha kwamba ujumbe umefika. Palepale harufu ikakatika, hewa ikawa nyepesi, Immaculate akashika kaunta, "Asante Yesu, asante Yesu."

Kisha jibu likaingia, kwa mtetemo, mara mbili.

Mimi nishajua. Mwambie mama.

"Nani huyo?" Bosi akauliza.

Wote watatu walimtazama. Kukiri kulikuwa jambo la sentensi moja, fupi kuliko waraka wowote uliowahi kubandikwa pale. Walubengo akafumbua kinywa, uso ukamwaka hadi masikioni.

"Ni promo tu, bosi," alisema. "Ya bando."

Mama Nereah akachukua viatu vyake, akatoka bila kuvivaa. Nyuma yake, taratibu, cherehani ikaanza tena.

Siku hizi Walubengo hatembei na simu. Kifua kinamtetemeka vivyo hivyo. Na huko Laini Saba mama mmoja bado anawaomba majirani wamsamehe binti yake ukaidi.

Audrey hakupuuza onyo lolote. Alipigiwa simu.