Kanuni ya Arobaini na Moja

Alhamisi tarehe kumi na nne, saa mbili na robo asubuhi, lifti ya jengo la ofisi lenye ghorofa saba iliporomoka kutoka ghorofa ya tatu. Walipobandua mlango kwa nondo walimkuta mama mfanya usafi ameketi ndani ya maji ya ndoo yake, nyonga imevunjika, akiwaomba radhi kwa kuchafua sakafu. Radhi hiyo ilizunguka jengo zima kabla ya mchana, na kila aliyeisikia alitafuta pa kuficha uso.

Fundi wa lifti alisema alionya mapema kwa barua pepe. Meneja wa jengo alisema hakupata kitu. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na kama ni fundi, leseni yake ya miaka kumi na tisa ingekwenda na maji. Bodi ya usalama ilitaka jibu kufikia Jumanne ya tarehe kumi na tisa.

Kazi ya kulitafuta jibu ikamwangukia msimamizi wa barua pepe za jengo hilo, mwanamke wa kampuni ya mtaa wa pili. Wenzake walimwita Bi Chujio, kwa kuwa kutwa alishinda akizuia barua taka: za matapeli, za bahati nasibu, za dawa za kuotesha nywele. Meneja alikuwa mjomba wake, tumbo moja na mama yake, na ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe niandikie tu kwamba haikufika. Mistari miwili inatosha."

Bi Chujio alianza na fundi, Jumatatu saa tatu asubuhi, katika karakana yake.

"Ulituma lini?"

"Jumatatu ya tarehe nne, saa tatu na dakika kumi. Kamba ya chuma ilikuwa inafumuka nyuzi. Nikaweka na picha. Juu nikaandika kwa herufi kubwa, ONYO LA MWISHO, lifti ifungwe leo."

"Hukupiga simu?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Niliwahi kuwaambia kwa mdomo mara mbili, wakaniona msumbufu. Hiyo simu, dada, ndiyo inayonikosesha usingizi."

Bi Chujio alidhani anaigiza. Alirudi ofisini, akafungua kumbukumbu za seva, na dhana hiyo ikamfia mkononi. Barua ilikuwa imefika dakika ileile. Ilizuiwa kabla ya kuingia kwenye kikasha cha jengo. Sababu: kanuni ya arobaini na moja.

Kanuni hiyo aliijua. Aliiandika mwenyewe miezi mitatu nyuma, matapeli walipomwaga barua zenye maneno "onyo la mwisho, akaunti yako itafungwa". Barua yoyote yenye maneno hayo na kiambatisho ishikwe, basi. Kila kanuni mpya ilitakiwa kujaribiwa kwanza kwa barua za wiki nzima iliyopita, ila Ijumaa aliyoiandika alitaka kuwahi nyumbani, akaruka jaribio. Ukurasa ule aliuona yeye peke yake, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuufuta. Hakuufuta; akaendelea kusoma, maana mistari ilikuwa haijaisha.

Barua zilizozuiwa huorodheshwa kila asubuhi na orodha kutumwa kwenye akaunti ya ofisi husika, ili iliyoonewa iokolewe. Jumanne tarehe tano, saa sita na dakika arobaini na saba mchana, mtu aliifungua barua ya fundi. Dakika mbili baadaye aliifuta. Akaunti ile ilikuwa na neno la siri moja na watumiaji wawili: meneja na dada wa mapokezi.

Bi Chujio alimwendea kwanza dada wa mapokezi.

"Ni wewe uliyeifuta?"

"Hapana. Mimi hizo orodha hata sizifungui. Zimejaa uchafu mtupu. Ningefungua moja tu, yule mama angekuwa anatembea."

"Jumanne ile, saa saba kasoro, ulikuwa wapi?"

"Ndani ya lifti. Ilikwama na mimi, simu nimeiacha mezani."

Daftari la mlinzi lilimwondolea lawama: lifti imekwama saa sita na dakika thelathini na tano, dada wa mapokezi yumo, ametolewa saa saba na dakika tano. Bi Chujio alimwomba radhi, akapanda ngazi hadi ofisi ya mjomba, ghorofa ya pili.

Aliweka daftari na karatasi za seva mezani kwa mjomba. Mjomba alisoma pole pole, kisha akavua miwani.

"Nilikuwa natafuta namba ya fundi kwenye barua pepe, aje amtoe yule binti. Ndipo nikaikuta imezuiwa."

"Ukaisoma."

"Wiki ile wenye jengo walikuwa wanaleta wapangaji wapya wa ghorofa za juu. Nani apange ghorofa ya saba bila lifti? Nilitaka siku kumi tu. Nikajiambia, mashine yenu imeizuia, mimi sijaiona. Sikujua mnaandika hata yanayofutwa." Akazirudisha karatasi mezani. "Kwani iliizuia kwa nini?"

Angeweza kukaa kimya. "Kwa kanuni yangu, Mjomba. Sikuijaribu."

Uso wa mjomba ulipata uhai. "Basi futa vyote, andika haikufika. Nani atajua? Mimi ndiye niliyekulea, mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya bodi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nitaandika majina mawili."

"La nani litatangulia?"

"Langu. Kwangu ndiko ilikokwama kwanza."

Taarifa ilikwenda bodi Jumanne saa nne na dakika ishirini asubuhi, nakala kwa fundi. Bi Chujio hakuiamini seva tena, akapiga simu.

"Fundi, imefika?"

"Imefika." Akaisoma kwanza. "Dada, hili jina la kwanza ni lako?"

"Ni langu."

"Leseni yangu imepona," fundi alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Lakini laiti ningepiga simu. Hata moja tu."