Pompe Iliyobaki Himbi

Moshi wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umelala juu ya Goma, na Joviale alikuwa akichagua kitenge sokoni Virunga, kifua kilipombana. Pompe yake ya pumu ikamponyoka, ikaviringika hadi kwenye viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri.

"Vuta polepole, dada," mwenye viatu alisema akimrudishia. "Miye Aubin, kiné wa kliniki ya hapa karibu. Nafundisha watu kupumua."

"Kumbe kupumua nako kuko na masomo?"

"Kwako, ya kila siku!"

Hakuwa akitania. Kliniki alimpa kifaa cha plastiki chenye springi, avutie pumzi humo kwa nguvu ili misuli ya pumzi ikomae. Jioni alipiga simu kusikiliza anavyovuta.

"Vuta tena, chérie."

"We unapenda pumzi yangu kuliko miye."

"Ni kitu kimoja. Lakini pompe usiache. Haya ni mazoezi, haiko dawa."

Mapenzi yakakolea. Kisha siku moja, mlangoni pa kliniki, Joviale alimsikia Aubin akizungumza kwa simu na mama yake aliye kijijini Kalengera: "Hapana, mama. Ule binti ni muzima kabisa." Ikamchoma. Kumbe anamwonea haya! Alinuna, simu hakushika, mwishowe akaamua kuwa huyo binti mzima. Siku ya kwenda kwa mama mkwe alivaa kitenge cha kijani, pompe akaiacha nyumbani kwake Himbi, kitandani.

Kule, kwa desturi, mchumba huipikia kwanza nyumba ya mume. Jiko lilikuwa giza, kuni mbichi. Joviale aliinama akapuliza moto, na kifua kikafunga. Misuli ilivuta, ikavuta, lakini njia yenyewe ya hewa ilikuwa imeziba. Aliogopa sana kufa akiwa na mwiko wa watu mkononi.

Aubin aliingia mbio, mama yake nyuma, akachomoa pompe mfukoni mwake mwenyewe, akamvutisha. "Natembea na hii tangu siku ya soko. Mama, nilikudanganya. Iko na pumu."

Mama alitazama moto. "Dada yako Élisabeth alienda vile, hapa hapa, tukasema ni kikohozi. Sikatai mugonjwa, miye. Nakataa kuzika tena." Akamwaga maji juu ya kuni.

Aubin alipiga magoti kwenye majivu. "Utanikubali, Joviale, na uongo wangu?"

Joviale alichukua pompe, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akampa mkono. Walitoka nje wote watatu, na kifua cha Joviale bado kilikuwa kinapiga mluzi.