Kijiti Ndani ya Besi

Skrubu ilikuwa inajifungua yenyewe. Laurenti aliikaza asubuhi kwa bisibisi mpaka kiganja kikamuuma, akalilaza gitaa lake la besi kitandani, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kishikizo cha mkanda wa kulivalia begani kilikuwa sakafuni na skrubu pembeni yake, safi, bila hata unga wa mbao.

"Panya," alimwambia mkewe, Asia.

"Panya ana bisibisi?"

Laurenti hakucheka. Tangu kiwanda cha nguo kimpunguze kazini, besi ile ndiyo iliyobaki kumfanya aitwe fundi na mwanamuziki, na sasa mkanda ulikuwa umeshachomoka mazoezini mara mbili, gitaa likamponda kidole cha mguu. Kasimiri, kiongozi wa bendi yao pale Mafiga, hakuzunguka mbuyu.

"Kaka, siku hizi ruksa kuingiza kila kitu. Vinanda vya Japani vimejaa Dar, na kimoja nimeshaazima. Kinapiga besi chenyewe. Gitaa lako likianguka kwenye harusi ya Jumamosi, utatusamehe."

Iliuma, kwa sababu ufundi wa mikanda Morogoro nzima ulikuwa kwake. Tundu la skrubu likilegea, alilijaza njiti za kiberiti na gundi. Ngozi ikitanuka, alivisha kishikizo mpira wa chupa ili mkanda usiteleze. Magitaa ya wenzake yote yalining'inia salama. La kwake ndilo lililomkataa, ingawa mwezi uliopita tu alikuwa amelitoboa tundu lake upya na kuliziba kwa kijiti kigumu kuliko vyote alivyowahi kuchonga. Kweli mganga hajigangi.

Ijumaa mchana, gitaa likiwa mezani, walisikia mlio. Kri, kri, taratibu, kama mtu anayefungua mlango asitake kuamsha watu. Chumba kikajaa harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mbele ya macho yao skrubu ikazunguka, ikatoka, ikaanguka.

Asia alinong'ona, "Laurenti, kile kijiti ulikitoa wapi?"

"Mlali. Siku tuliyomzika bibi yako. Kilikuwa chini msituni, kikavu, karibu na makaburi."

Asia alijishika mdomo. Msitu ule ulikuwa wa makaburi ya ukoo wa mama yake, na hakuna Mluguru wa pale aliyethubutu kutoka humo hata na jani.

"Sikukata!" Laurenti alisema. "Niliokota!"

"Kule hakuokotwi, mume wangu. Alfajiri namfuata mjomba Mwinjuma, ndiye mwenye msitu. Usiliguse. Usiliambie neno lolote, vya kule husikia."

Kutonena ni kazi nyepesi kwa mtu asiye na harusi ya kupiga. Jumamosi Asia hajarudi, jua limepanda, na Laurenti ameshaikaza skrubu na kuiokota, ameikaza na kuiokota, mpaka machozi ya hasira yakamtoka. Akalipiga gitaa kofi.

"Hutaki kufungwa? Haya, shika mwenyewe! Shika, usiachie!"

Mlio ukakatika. Harufu ikaondoka. Alivuta mkanda kwa nguvu zake zote, ukakaa imara. Mwingine angekimbia, yeye alishukuru.

Harusini alipiga vizuri kuliko siku zote. Watu walicheza mpaka vumbi likatimka uani, Kasimiri akimkonyeza, kinanda kikiwa kimefunikwa kitenge pembeni, na Laurenti akitabasamu, ingawa kadiri jua lilivyoshuka gitaa lilizidi uzito, na ile harufu ya udongo ilianza kupanda kutoka kwenye kola yake mwenyewe, na vidole vyake vilipochoka nyuzi ziliendelea kulia bila vidole, na wimbo ulipokwisha, amplifaya ikazimwa, akainua mkanda autoe begani akakuta hauinuki, kwa sababu ngozi ya mkanda ilikuwa imepita shati na kushikana na ngozi yake, bila damu, bila mshono, bila mahali pa kupenyeza hata ukucha.

Asia aliingia uani na mjomba wake, wote miguu imejaa vumbi la njia ya Mlali.

"Shikamoo, mjomba," Laurenti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Aliyemo kijitini ulimwambia nini?"

"Ashike. Asiachie."

Mzee Mwinjuma alirudi nyuma hatua moja. "Kijiti ningekirudisha mimi, baba. Neno lako siliwezi."

Asia aliuvuta mkanda kwa mikono miwili, na Laurenti akapiga yowe lililopotea katika vigelegele vya bibi harusi. Hapo akaja Kasimiri, jasho tele, furaha tele, asijue lolote, akamkumbatia.

"Kesho kinanda nakirudisha kwa mwenyewe! Besi ni yako, kaka. Mpaka kufa!"

Akampiga kofi la kirafiki begani, na chini ya kiganja chake mkanda ukajikaza.