Uzi Mmoja Uliozidi

Pelagia alikuwa uani akimenya karanga, lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mwanawe wa miezi miwili. Kila mtoto aliponyonya kidogo alichoka, akatoka jasho, midomo ikawa ya bluu. Pelagia alikuwa na hofu tupu.

"Jina limemkataa," alisema mama mkwe wake, Gaudensia, aliyekuwa akimenya naye.

Mtoto alizaliwa akaitwa Suzana. Alipozidi kudhoofu, wakambadilisha, wakampa jina la marehemu bibi yao, Bertila. Waliamini bibi ndiye anayelidai jina lake. Wapi! Hali ikawa mbaya zaidi.

"Kesho nampeleka kijijini Lusu kwa wazee, wamtafutie jina la tatu," alisema Gaudensia.

Pelagia hakuthubutu kupinga. Majirani walishasema yale macho ya mtoto yaliyoinuka pembeni ni adhabu ya dhambi za mama. Naye moyoni aliogopa kwamba ni kweli.

Mchana huo Magreth, muuguzi wa zahanati ya jirani, alikuja kuazima ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Magreth alimwona mtoto, kicheko kikamkatika. Akatazama kiganja cha mtoto, chenye mstari mmoja tu uliokatiza. Akaweka sikio kifuani.

"Nadhani ana hali iitwayo Down," alisema. "Hospitali watampima wahakikishe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Midomo hii inanitisha."

"Ni kosa langu?" Pelagia aliuliza.

"Hata kidogo! Sikiliza. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi, kromosomu, arobaini na sita. Zimekaa mbili mbili, kama karanga hizi ndani ya ganda."

Akapasua ganda, akatia punje moja bakuli hili, nyingine bakuli lile.

"Yai la mama linapotengenezwa, kila jozi huachana hivi. Kazi hiyo hufanywa na makundi ya protini. Mengine hufunga nyuzi pamoja. Mengine huzivuta. Mengine hukagua, na huzuia zisiachane mpaka kila uzi umeshikwa vizuri. Mara chache hukosea, nyuzi mbili zikaenda upande mmoja. Zikiungana na za baba, mtoto hupata arobaini na saba."

"Kwa nini yakosee kwangu?"

"Hutokea kwa mama yeyote. Umri ukisogea, vile vifungo hulegea. Hukutenda dhambi, Pelagia."

Gaudensia aliacha kumenya. "Kwa hiyo majina hayasaidii?"

"Mwiteni mnavyopenda, mama. Ila moyo hutibiwa hospitali. Na mkienda kwanza Lusu, sijui kama mtarudi naye hai."

Gaudensia alimtazama mjukuu wake. Kisha akamwita baba wa mtoto kwa sauti ambayo haikuwa yake:

"Lugembe! Washa pikipiki! Sasa hivi!"

Hospitalini walikuta tundu kwenye moyo. Mtoto alianza dawa, na baada ya miezi minne akafanyiwa upasuaji Mwanza. Saa zile za kungoja, Pelagia na mama mkwe walishikana mikono.

Wiki tatu baada ya kurudi nyumbani, mtoto alinyonya ziwa moja mpaka likaisha. Hakutoka jasho. Hakuwa wa bluu. Aliachia chuchu, akapiga kelele za hasira.

Pelagia alishtuka. "Mama, ana nini tena?"

Gaudensia alimtazama mtoto, machozi yakamtoka huku anacheka.

"Ana njaa. Mpe la pili, unangoja nini?"