Posa Iliyomfikia Kila Mtu

Ukumbi ulifurika tangu milango ifunguliwe. Meza zilibanana kama meno, na kila meza ilijaa programu za kompyuta zilizotengenezwa nyumbani, wenyewe wakiita wapitao kama wauza samaki. Chizuru Minobe, aliyekuja kuuza michoro yake, alivaa sketi nyekundu ya marinda na koti la jinzi la kiume, nywele kazibana utosini kwa penseli. Sisi watu wa Osaka tunapenda mtu anayeonekana toka mbali, na Chizuru alionekana.

Meza ya jirani haikuwa na mteja hata wa dawa. Nyuma yake alikaa kijana mrefu, shati la kijivu kalifunga mpaka kifungo cha shingoni, ametulia kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kwenye kioo cha kompyuta yake, kitofali cha kijivu kilikuwa kikirandaranda juu ya madirisha ya programu.

"Kaka," Chizuru akamwita, "hilo tofali limepotea njia?"

"Si tofali. Ni rafiki. Anaishi kwenye kompyuta yako, anakuita kwa jina lako, anakuuliza kama umekula."

"Yaani tofali liniulize kama nimekula!"

"Sijui kuchora," kijana akakiri, masikio yamemwiva.

Chizuru akaangua kicheko, akachomoa penseli kichwani, nywele zikamwagika mabegani. Akavuta karatasi. Pale karatasini akatokea mama mfupi mnene, nywele za mawimbi zenye rangi ya zambarau, blauzi ya chui, mkoba umetuna kwa pipi.

"Huyu ndiye mtu wa kuuliza watu kama wamekula," akasema. "Ni mama yangu. Akikuuliza, jaribu kukana uone."

Kijana aliitwa Haruomi Kuji. Alitoka Akita, kaskazini kwenye theluji, ambako inasemekana watu hufungua mdomo kidogo tu baridi isije ikaingia. Hapa kwetu mtu akitaniwa asijibu, tunamuuliza kama anaumwa. Haruomi aliulizwa sana.

Ila alijua kusikiliza. Kila jioni aliketi kwenye duka la Bi Fusae, mama yake Chizuru, pale mtaani Shinsekai, akila mishikaki ya kukaanga na kuyameza maneno ya yule mama pamoja na nyama. Chizuru akachora, Haruomi akatia uhai, na Mama Chui akazaliwa. Aliteleza pembeni mwa madirisha, alikurushia pipi bila kuombwa, akafoka: "Hilo shati umelipata msibani? Zima, kale!" Watu wakamchukua kwenye intaneti, toka Sapporo kaskazini hadi Okinawa kusini. Bi Fusae hakumwacha mteja aondoke bila kuambiwa. "Yule ni mimi," alisema akipiga kifua. "Wamenipunguza nyama kidogo tu."

Chizuru naye alijivuna, na haki yake. Kila ukunjo wa blauzi ile aliuchora kwa mkono wake.

Simu za mchana nazo zikaanza.

"Umekula?" Haruomi aliuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Bado. Nilitaka kusikia sauti yako kwanza. Ni tamu kama... kama mchele mpya."

"Wee! Tangu lini mtu wa Akita akasifia? Umeandika pembeni unasoma, eti?"

Na kweli alikuwa anasoma.

Basi wakapendana, mtaa mzima ukaona. Lakini kwetu mapenzi hayaanzi mpaka mmoja aseme wazi, kwa maneno: nakupenda, tuwe pamoja. Pasipo hilo neno ninyi ni watu mnaokula pamoja tu. Miaka miwili ikapita na neno halijatamkwa.

"Mficha uchi hazai," Bi Fusae alimtania bintiye. "Msemee wewe!"

"Mimi? Nimchoree sura, tena nimsemee? Aseme mwenyewe."

Majira ya kuchipua, asubuhi moja, Chizuru alikuwa akikata kabeji dukani, simu ikalia. Alikuwa Nagisa, shoga yake tangu shule.

"Chizu, kaa chini. Haruomi wako amenichumbia."

"Nagisa, ni mapema mno kwa pombe."

"Sitanii! Nimewasha kompyuta, Mama Chui katoka na kimono cheusi cha harusini. Kapiga magoti, kasema: 'Nagisa, kijana wangu Haruomi anakupenda tangu siku ya kwanza. Olewa naye. Maneno hana, lakini sahani huimaliza.' Kataja jina langu, Chizu! Mimi na yeye hata chai hatujawahi kunywa!"

Chizuru akaikunja simu. Siku hiyo kabeji ilikatwa nyembamba kama uzi. Simu ya Haruomi ikalia, ikalia, akaifunika kwa kitambaa cha vyombo. Wa kupewa neno lake ni Nagisa?

Mchana, Mzee Tokuji, dereva wa teksi, akaingia anafuta machozi ya kicheko. "Fusae! Yule kijana wako kanichumbia! Mimi, mwenye wajukuu! 'Tokuji, olewa naye.' Mke wangu anauliza harusi lini!"

"Hata mimi!" kinyozi akadakia toka kona. "Nami nilidhani ni mimi peke yangu!"

Duka likalipuka. Chizuru akasimama na kisu mkononi, akaelewa. Mama Chui humwita kila mtu kwa jina la mwenye kompyuta. Posa ile ilikuwa yake peke yake, na Haruomi, kwa kiwewe, aliitia kwenye toleo jipya la watu wote. Nchi nzima imeposwa na kijana mmoja asiyejua kusema.

Moyo ukatua. Kisha ukapanda tena, safari hii kwa hasira. Akaifunua simu, bado inalia, akapokea.

"Chizuru! Nimekosea, ilikuwa iende kwako tu. Nimeshaiondoa. Nimewaomba radhi watu wote..."

"Hilo nimelicheka, limekwisha. Nijibu moja. Nani amenichumbia?"

"Mimi."

"Hapana. Amenichumbia mama mwenye blauzi ya chui. Macho yake nimechora mimi, mdomo wake nimechora mimi, maneno ni ya mama yangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Chizuru akakiweka kisu mezani.

"Siposwi na mchoro wangu mwenyewe, Haruomi. Mimi ni binti wa Fusae, nastahili mdomo wa mtu. Kama huna, nitakuchorea mpaka tuzeeke, kazi ni kazi. Ila usinipigie tena kuuliza kama nimekula."

"Unajua nikisimama mbele za watu..."

"Najua. Ndiyo maana neno lako litakuwa na uzito." Akakata.

Jioni duka lilijaa mpaka watu wakala wima mlangoni. Umbea hauhitaji mwaliko. Chizuru alivaa gauni la kijani chini ya aproni, midomo kaipaka rangi nyekundu, akihudumia kana kwamba hasubiri mtu.

Haruomi akaingia na suti nyeusi ya sufu, jasho linamchuruzika. Duka zima likamgeukia, mafuta yakiendelea kuchemka.

"Umekula, mwanangu?" Bi Fusae akauliza.

"Bado, mama. Nina neno kwanza."

Akaanza, lakini hata waliokaa mbele hawakumsikia.

"Sauti!" wakapiga kelele.

Haruomi akavuta pumzi. "Chizuru Minobe! Ni mimi, Haruomi Kuji. Nakupenda. Nilijificha nyuma ya kazi yako kwa sababu ni nzuri kuliko mimi. Leo sijifichi. Naomba nikuoe. Ukikataa nitatoka kwa mlango uleule, watu wote wakiniona, na bado nitakuwa nimesema."

"Mbona mimi asubuhi hukunibembeleza hivyo?" Mzee Tokuji akarusha.

Watu wakamgeukia Haruomi kwa huruma, maana walimjua. Naye, bila hata kupepesa, akamjibu, "Ulichelewa kujibu, mzee. Nikatafuta mwingine."

Kicheko kilichopanda pale kilitikisa taa. Kinyozi alipiga meza kwa ngumi. Chizuru alimtazama yule kijana wa theluji, kasimama wima katikati ya watu wetu, jasho, suti na yote, na kifua chake mwenyewe kikamjaa, fahari ambayo hata Mama Chui hakuwahi kumpa.

Akaweka sahani. Akafuta mikono, akavua aproni, akazunguka kaunta mpaka ubavuni kwa Haruomi, kidevu juu.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia!"

"Aliyesema ni nani?"

"Haruomi!"

"Haya," Chizuru akasema, akimshika mkono mbele ya duka zima. "Huyo ndiye niliyemkubali."